Mafunzo ya zimamoto kwa miwani ya uhalisia pepe: maswali tunayoulizwa sana Tanga

Maswali haya yanatoka kwa maofisa usalama wa viwanda, walinzi wa maghala, walimu wa mabweni na vijana wa Tanga mjini, Pongwe, Muheza na Korogwe. Hatukuyajibu kwa urefu sawa. Yale yenye kazi tumekaa nayo, yaliyobaki tumeyapitia haraka.

Uhalisia pepe na uhalisia ulioongezwa vina tofauti gani?

Ukivaa miwani ya uhalisia pepe, au VR kama wengi wanavyoiita, macho yanafunikwa kabisa. Umesimama katikati ya ukumbi mtupu, lakini unachokiona ni korido ya nyumba inayowaka. Ukigeuza shingo unaona upande wa pili wa korido, ukiinama unaona chini ya kitanda.

Uhalisia ulioongezwa haukutoi mahali ulipo. Unaendelea kuona ghala lako mwenyewe, ila kwenye skrini ya simu au kioo cha miwani unawekewa kitu kisichokuwepo: moto kwenye kona, moshi darini, mshale wa kuelekea mlango wa dharura.

Si mambo ya jana. Ivan Sutherland alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani huko Marekani mwaka 1968, kizito kiasi kwamba kilifungwa darini. Kilichobadilika ni bei, na kwamba siku hizi kompyuta yote imo ndani ya miwani yenyewe.

Mtu akifuzu kwenye miwani amekuwa askari wa zimamoto?

Hapana. Askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji anapikwa chuoni, na chuo chenyewe kiko mkoani kwetu, Chogo wilayani Handeni. Huko kuna jua, ngazi, kamba, kubeba mtu mzima begani na mpira wa maji unaokuvuta. Miwani haikupi hayo.

Kwa nini msiwashe tu moto halisi uwanjani?

Tunawasha, na hatuachi. Ila moto halisi una gharama ambazo watu hawazihesabu. Mwezi Januari 1982, mjini Boulder, Colorado, wazimamoto wawili walikufa katika zoezi, ndani ya jengo lililochomwa kwa ajili ya mafunzo. Tukio hilo lilichangia kuandikwa kwa kiwango cha NFPA 1403, kilichowekwa na chama cha Marekani cha kujikinga na moto ili kuwaongoza Wamarekani namna ya kuendesha mazoezi ya moto halisi.

Halafu kuna moshi wenyewe. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka kazi ya uzimamoto katika kundi la kwanza, yaani mambo ambayo ushahidi unatosha kuonyesha kwamba yanasababisha saratani. Mwanafunzi anaingia kwenye kontena la mazoezi siku chache akaondoka. Mkufunzi anaingia wiki nenda wiki rudi, na huyo ndiye tunayemwonea huruma.

Povu nalo. Aina nyingi za povu la kuzimia moto wa mafuta zimetengenezwa kwa kemikali za jamii ya PFAS, ambazo hazivunjikivunjiki zikishaingia ardhini. Kwenye mji wenye visima vya maji ya kutumia majumbani, kumwaga povu la namna hiyo kila mwezi kwa sababu ya mazoezi si jambo la kulichukulia poa. Ndani ya miwani unarudia zoezi la tangi la mafuta mpaka uchoke na hujamwaga hata tone.

Nini hasa kinafundishika vizuri humo?

Macho na uamuzi. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo sababu pekee ya kutosha kununua kifaa hiki.

Chukua nyumba ya Ngamiani: baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, jiko hukohuko uani. Mwanafunzi anafika mlangoni. Sehemu ya juu ya mlango inatoa moshi mweusi, mzito, unaojisukuma. Chini, usawa wa magoti, hewa inaingia ndani. Asiyefundishwa anaona moshi mwingi, basi. Aliyefundishwa anaona ule mpaka kati ya moshi na hewa safi unazidi kushuka, na ndimi nyembamba za moto zinapenya ndani ya moshi darini. Anajua chumba kinakaribia flashova: gesi za juu zikifika kama nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, kila kinachoungua chumbani kinashika moto karibu kwa mpigo mmoja. Aliyekuwa ndani wakati huo hana muda wa kujitetea, hata akiwa na suti kamili.

Na siku hizi muda wenyewe ni mfupi. Katika majaribio ya Underwriters Laboratories ya Marekani, sebule yenye samani za kisasa za sponji na plastiki ilifika hapo chini ya dakika 5, wakati ile yenye samani za kizamani za mbao na pamba ilichukua karibu nusu saa. Tazama sebule za Tanga, makochi ya sponji yamejaa, halafu piga hesabu ya gari la faya kutoka kituoni hadi mtaani kwako.

Sasa faida ya miwani iko hapa. Mwanafunzi anafungua mlango wa uani, hewa inaingia, moto unapanda, zoezi linaisha vibaya. Unarudisha nyuma dakika mbili. Safari hii anauvuta mlango wa chumba kinachoungua na kuufunga kabla ya jambo jingine, kisha anaangalia moshi wa koridoni unavyopungua. Anaona matokeo ya maamuzi mawili ndani ya robo saa. Uwanjani, nyumba ikishaungua imeungua.

Moto wa ndani ya miwani ni wa kweli kiasi gani?

Inategemea nani kautengeneza. Kuna moto unaokokotolewa kwa kanuni za fizikia: taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwaka 2000 programu ya Fire Dynamics Simulator, inayokokotoa mwendo wa joto, moshi na hewa ndani ya jengo. Hesabu zake huchukua saa nyingi, pengine siku, kwa hiyo haziwezi kufanyika wakati mtu amevaa miwani. Watengenezaji makini hutumia matokeo yake kuuelekeza moto wanaouchora. Wasio makini huchora moto kwa namna ile ile unavyochorwa kwenye gemu: unapendeza, hauna akili.

Akija muuzaji, mwombe jambo moja mbele yako. Washa moto chumbani, funga mlango na dirisha, subiri. Kama moto unaendelea kuwaka vilevile kana kwamba hewa haihusiki, hicho ni kiini macho. Mrudishie miwani yake. Ukinunua bila kujaribu hilo umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Na joto? Na uzito wa mpira wa maji?

Miwani ya kawaida haina vyote viwili. Unashika virimoti viwili vya plastiki, basi. Ipo mifumo iliyojaribu kuziba pengo hilo. FLAIM, iliyoanzia kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Deakin nchini Australia, ina mpira wenye nozeli unaomvuta mtumiaji kama maji yanavyosukuma, na vazi linalopasha mwili joto kadiri unavyousogelea moto. Ni kazi nzuri, ila bei yake si ya kikundi cha mtaani.

Sisi tunashauri njia ya kienyeji: mvalishe mwanafunzi buti, koti na mtungi wa hewa mgongoni hata kama hautumii hewa yake, ndipo umvishe miwani. Anachoka kweli, anainama kwa shida kweli. Afadhali hivyo kuliko zoezi la fulana na kandambili.

Kuna hatari ya kujenga mazoea mabaya?

Ipo, na hili ndilo swali tunalotamani liulizwe zaidi.

Ndani ya miwani watu hutembea wima. Moshi haukohozeshi, kwa nini uiname? Mwanafunzi akizoea kusimama koridoni, siku ya siku atasimama mahali ambapo hewa ya usawa wa kichwa ni ya kuua. Programu nzuri inamtia giza akisimama na kumpa mwanga akitambaa. Kama yako haifanyi hivyo, mkufunzi amsukume bega kila anapoinuka.

Mlango vilevile. Kabla ya kuufungua, zimamoto huupima kwanza joto lake na kutazama moshi kwenye mianya. Virimoti havina joto, kwa hiyo mtu anajifunza kubonyeza kitufe na kupita. Lazimisha kila mmoja aseme kwa sauti "napima mlango" na mkufunzi amjibu "wa moto" au "wa baridi". Inaonekana mchezo wa kitoto, lakini inafanya kazi.

Umbali nao unadanganya. Watafiti wa vifaa hivi wamekuta tena na tena kwamba mtu aliyevaa miwani hukadiria umbali kuwa mfupi kuliko ulivyo. Usimfundishe mtu ndani ya VR asimame wapi kutoka kwenye mtungi wa gesi unaovuja. Hilo lifanyieni uwanjani, kwa futi ya kupimia.

Kisha kuna hewa. Mtungi wa mgongoni wa lita 6.8 uliojazwa hadi shinikizo la bar 300 una takriban lita 2,000 za hewa. Mtu anayefanya kazi nzito anaweza kuvuta lita 40 hadi 60 kwa dakika, na mwenye hofu zaidi ya hapo. Programu nyingi za bei ya chini hupunguza hewa kwa kufuata saa tu, bila kujali unahema vipi. Anayetoka humo anaamini ana dakika nyingi kuliko alizonazo.

Programu zilizopo zina nyumba za Ulaya na Marekani. Zinatufaa?

Kwa kusoma moshi, zinafaa. Kwa kutafuta mtu ndani ya nyumba, hazifai hata kidogo.

Nyumba zao zina ngazi za ndani, dari ya kuhifadhia vitu, kuta za bodi zinazovunjika kwa shoka, madirisha ambayo mtu anaweza kuchupia nje. Yetu yana nondo. Nyumba yetu ya Kiswahili ina mlango wa mbele na wa uani, na katikati vyumba vya wapangaji, kila kimoja na kufuli lake. Kwenye nyumba nyingi kuta za vyumba haziendi mpaka kwenye bati, kwa hiyo moshi wa chumba kimoja unapita juu na kuwafuata waliolala cha tatu. Mtungi wa gesi mara nyingine uko chumbani kwa kuogopa wezi. Na gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja inatambaa sakafuni, inaingia chini ya kitanda alikolazwa mtoto. Programu ya Ulaya haina hadithi hii.

Kwa hiyo tengenezeni za kwetu. Kijana anayejua Blender na Unity, programu za kuchora na kujenga mazingira ya pande tatu, anaweza kuijenga nyumba ya vyumba sita kwa vipimo vya futi na picha za simu. Programu zote mbili unaweza kuanza nazo bila kulipa. Ombeni ruhusa ya mwenye nyumba na wapangaji wote, na msipige picha vitu vya watu vinavyowatambulisha. Kama hakuna kijana wa namna hiyo, kamera ya nyuzi 360 inapiga korido nzima kwa dakika chache. Hutaweza kutembea ndani ya picha hiyo, lakini utasimama na kugeuka pande zote, na hilo linatosha kumuuliza mtu: ungeanzia chumba kipi, na kwa nini?

Sisi tuko kwenye ghala la katani. Kuna lolote letu humo?

Kuna, na moto wenu ni mjanja. Robota la katani limebanwa. Moto ukiingia ndani unafukuta bila ndimi kwa muda mrefu. Mnamwaga maji juu, moshi unapungua, watu wanapeana mikono, usiku linawaka upya. Zoezi linalowafaa si la kuzima bali la kusaka: robota lipi bado lina moto? Ndani ya miwani mwanafunzi apewe kamera ya joto, ile inayoonyesha palipo na joto hata kama macho hayaoni, na marobota mengi yanayofanana. Mkiwa mnaweza kuazima kamera ya joto halisi, fanyeni baadaye ghalani kwenyewe.

Na ajali za malori ya mafuta?

Malori yanayopakia mafuta Tanga hupita Segera kwenda bara, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapo Chongoleani. Suala hili halitupiti.

Lakini kumbukeni Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka, wakafariki zaidi ya 100. Kabla ya moto kulikuwa na umati. Kwa hiyo zoezi la lori kwenye miwani lianze na lori limelala, hakuna moto, watu na madumu wanakuja, bodaboda wanakaribia na injini zinanguruma. Mkuu wa tukio anafanya nini dakika ya kwanza? Anaweka gari upande gani wa upepo? Anawatumia nani kurudisha watu? Kuna programu zilizotengenezwa mahsusi kwa makamanda, mfano XVR ya Uholanzi, ambazo huendeshwa hata kwenye skrini ya kawaida bila miwani. Kwa uongozi wa tukio tunaona skrini kubwa inatosha kabisa.

Uhalisia ulioongezwa unatumika wapi basi?

Kwenye mtungi wa kuzimia moto. Mfanyakazi anasimama mbele ya jiko halisi la kantini, kwenye tableti anaona sufuria ya mafuta inawaka, anavuta pini ya mtungi wa mazoezi, anaelekeza kwenye shina la moto. Akichukua maji, moto unampandia usoni kwenye skrini. Somo hilo halisahauliki.

Upande wa juu zaidi, kampuni ya Qwake ya Marekani ilibuni C-THRU, kifaa cha kofia kinachoonyesha picha ya kamera ya joto mbele ya jicho, kikichora kingo za milango na samani ndani ya moshi. Ni kifaa cha kazini, si cha darasani. Mkishawishiwa kununua HoloLens 2, miwani ya uhalisia ulioongezwa, jueni Microsoft ilitangaza mwaka 2024 kuacha kuitengeneza.

Watu wengine wanapata kizunguzungu na moyo kuchafuka. Ni ugonjwa?

Si ugonjwa. Macho yanaona mwili unakwenda, sikio la ndani linasema umesimama, ubongo unakasirika; ni sawa na abiria aliyejifungia chini ya jahazi kwenye mawimbi ya Pemba. Anzeni na mazoezi ya dakika tano, mtu atembee kwa miguu yake badala ya kusukumwa na kitufe, na rekebisheni umbali wa lenzi ulingane na macho yake. Aliyeanza kutoka jasho la baridi avuliwe palepale. Kujikaza hakusaidii. Na asiendeshe pikipiki mara baada ya zoezi.

Hijabu, jasho, miwani ya macho?

Mkanda unakaa juu ya hijabu bila taabu, ila ulegezwe kwanza. Wenye miwani ya macho wavae kifaa kuanzia mbele kwenda nyuma, lenzi zisisuguane.

Jasho ndilo adui wa Tanga. Mwezi wa tatu, kabla masika hayajafunguka, lenzi zinajaa ukungu kabla zoezi halijaanza. Wekeni feni, nunueni kifuniko cha uso cha silikoni, kifutwe kila anapobadilika mtu. Lenzi zifutwe kwa kitambaa kikavu laini, si kwa spiriti. Na kamwe msiache kifaa dirishani lenzi zikitazama jua. Lenzi zinakusanya miale na kuichoma skrini kwa muda mfupi, na alama hiyo haitoki.

Umeme ukikatika? Intaneti?

Miwani inayojitegemea hukaa na chaji takriban saa mbili. Intaneti inahitajika wakati wa kuisajili na kupakua programu. Baada ya hapo programu nyingi zinakwenda bila bando. Chumba kiwe na mwanga, maana kamera za kifaa hutazama kuta ili kijue kipo wapi.

Bei?

Miwani ya VR ya Meta Quest 3S ilitoka mwaka 2024 kwa takriban dola 300, Quest 3 mwaka mmoja kabla kwa dola 500, bila usafiri wala kodi. Kifaa ndicho cha bei rahisi. Leseni ya programu ya zimamoto, inayolipwa kila mwaka, ndiyo inayowatoa watu jasho. Kama bajeti inatosha kimoja kati ya miwani na mitungi mipya ya kuzimia moto, nunueni mitungi.

Tuwavishe wanafunzi wa bweni?

Meta inaruhusu kuanzia miaka 10, lakini sisi tunaona haina haja. Bweni linahitaji milango miwili isiyofungwa kwa kufuli kutoka nje, madirisha ambayo nondo zake zinafunguka, na zoezi la kutoka gizani kila muhula. Mwanafunzi ajue kupiga 114 na kutaja kata, mtaa na msikiti au duka la karibu. Matroni na walinzi, hao wavisheni miwani: waone bweni linavyojaa moshi wakati wao bado wanatafuta funguo.

Tuko wanane na miwani moja. Inawezekana?

Inawezekana, na mara nyingi zoezi linakuwa bora kuliko kila mtu akiwa na yake. Mmoja anavaa. Wa pili anasimama nyuma yake, mkono karibu na bega, asigonge ukuta. Wa tatu ni mkuu wa tukio: anakaa chumba kingine na redio, haoni skrini, anachora nyumba kwenye karatasi kwa kusikia tu anachoambiwa na aliye ndani. Waliobaki wanatazama kwenye runinga, kimya, wakiandika alisema nini na hakusema nini. Baada ya dakika kumi miwani inavuliwa, karatasi inawekwa mezani kando ya ramani halisi ya nyumba, watu wanabishana. Mabishano yachukue muda mrefu kuliko zoezi. Mchoro ukiwa umepishana sana na nyumba, rudieni zoezi lilelile na watu wakibadilishana nafasi, msihamie jingine.